Mifumo mitatu ndani ya steshenari moja

Dada mmoja wa chuo aliingia dukani kwangu kabla sijamaliza hata kufagia. Alikuwa amebakiza siku moja tu ya kukabidhi utafiti wake, nakala tatu, kava gumu. Alishapita steshenari mbili, na kote flashi yake ilionyesha kitu kilekile: folda zote zimegeuka shotikati (vialama vya njia ya mkato) za KB 2, ukibofya hakifunguki kitu. Kwenye steshenari ya pili walimwambia flashi imekufa, aifomati. "Dada, humo kuna mwaka wangu mzima," akaniambia, na sauti ilishaanza kukatika.

Sikuichomeka kwenye kompyuta ya Windows. Niliichomeka kwenye ile iliyo upande wa dirishani, inayoendeshwa na Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Folda zikatokea zote: UTAFITI, PICHA, MAOMBI, na ndani ya UTAFITI sura zake tano zikiwa salama. Pembeni zilikuwepo zile shotikati, pamoja na faili moja ya skripti, yaani ya amri za kompyuta, yenye jina la herufi za ovyo, ndiyo iliyoleta balaa lote. Virusi vya aina hii havifuti faili. Vinaziwekea alama ya kufichwa na alama ya kuwa mali ya mfumo, kisha vinapanga shotikati zenye majina yaleyale ili ukibofya uviamshe. Windows inaziheshimu alama hizo, kwa hiyo mwenye flashi anaona shotikati peke yake. Mint haizitazami; kwake faili iliyofichwa ni ile ambayo jina lake linaanza na nukta. Na ile skripti imeandikwa kwa ajili ya Windows, kwa hiyo kwenye Mint haina wa kuiendesha. Nikanakili folda, nikafuta takataka, nikamrudishia flashi safi. Alikaa kwenye benchi akalia kidogo, akajifuta, akauliza bei ya kava.

Naandika kwa sababu ya asubuhi ile. Mtu anayenunua kompyuta ya ofisi ndogo huuliza RAM ngapi, kioo inchi ngapi, betri inakaa muda gani. Mfumo wenyewe unaoiendesha, Windows, Linux au ule wa Mac, haulizi, anachukua uliokuja nao. Mimi nina steshenari ya chumba kimoja hapa Morogoro, njia ya kuelekea Msamvu, mwaka wa saba sasa. Nachapa, natoa kopi, naskani, nabana spairo, napiga lamineti, najazia watu maombi ya mkopo na ya kazi mtandaoni. Nina desktop ya mtumba, prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha 4, yenye Windows 10. Nina laptop ya zamani yenye Mint, ambayo nimeiachia na Windows pembeni kwa dharura. Na kwa miezi minne nilikaa na MacBook Air, laptop ya Apple, ya mpwa wangu alipokwenda mafunzo kwa vitendo: "Shangazi, itumie, isilale bure." Nikaitumia kwelikweli, wateja wakipanga foleni.

Kwenye kazi yangu mfumo unapimwa kwenye tundu la flashi: inavyoingia na inavyotoka.

Kwa kuingia, mmeshaona, Mint haina mpinzani. Siku za ufunguzi wa vyuo nachomeka flashi arobaini, hamsini, kila moja imeshalala kwenye kompyuta nisizozijua. Kwenye Windows lazima antivairasi iwe hai na niwe macho. Flashi ikishafichwa faili, dawa ipo: unafungua dirisha jeusi la amri na kuandika attrib -h -r -s /s /d, ukielekeza kwenye herufi ya flashi. Inafanya kazi. Lakini mteja anakutazama kwa wasiwasi na nyuma yake wako watatu.

Kutoka ndiko Mint inakoniudhi, na sitaificha. Mwalimu mmoja mstaafu aliniletea hati zake niziskani, kurasa nyingi za rangi. Nikazinakili kwenye flashi yake, mstari wa kunakili ukafika mwisho, ukapotea. Mwalimu akachomoa, akalipa, akaondoka. Alasiri akarudi. Shikamoo, marahaba, kisha akaweka flashi mezani taratibu: "Mwanangu, umenipa faili hewa." Kweli, majina yote yalikuwepo na ndani hamna kitu. Linux inapokea data kwanza kwenye kumbukumbu yake, halafu inaishusha kwenye flashi kidogokidogo, na ule mstari unahesabu kilichopokelewa kwenye kumbukumbu. Flashi ikiwa ya polepole, mstari unaweza kuisha huku kazi yenyewe bado inaendelea. Lazima ubofye alama ya kutoa flashi na usubiri ikuambie sasa unaweza kuchomoa. Windows 10, tangu toleo la 1809 la mwaka 2018, imewekwa ili flashi ichomolewe haraka bila taratibu. Kunakili kukiisha, kumeisha. Kwa mteja mwenye haraka, Windows iko sahihi na Mint imekosea, hata kama mafundi wana sababu zao nzuri. Nimebandika karatasi juu ya kioo: USICHOMOE MPAKA UAMBIWE. Bado wanachomoa.

Kuna la pili la kutoka, na hili Mint na Mac wamefanana. Ukifuta faili iliyo kwenye flashi kwa njia ya kawaida, haiondoki. Inahamishiwa kwenye kapu la takataka lililofichwa ndani ya flashi hiyohiyo: Mac inaliita .Trashes, Mint inaliita .Trash na namba mbele yake. Mteja akifika nyumbani anaona flashi tupu, lakini akitaka kuweka wimbo anaambiwa imejaa. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mtu amekuja kuchapa cheti cha hospitali au hukumu ya talaka, ameniomba "dada, ifute hiyo," nimefuta mbele ya macho yake, na karatasi yake bado imo humo ikizunguka naye. Kompyuta ya mwingine inaionyesha bila shida. Nilipolijua hili nilisikia vibaya kwa wateja wote wa nyuma ambao siwezi kuwapata. Siku hizi kwenye Mint nafuta kwa Shift na Delete pamoja, na kwenye Mac ilikuwa Option, Command na Delete. Windows, ukifuta kwenye flashi, haina kapu. Inaondoka moja kwa moja. Watu wanaolalamika kwamba Windows haiwapi nafasi ya kujuta wana haki yao, lakini kwa steshenari huo ndio ustaarabu.

Sasa majina ya faili. Barua ya Kiswahili ya kiofisi ina vitu viwili vinavyogombana na kompyuta: Kumb. Na. yenye mikwaju, na YAH: yenye nukta mbili. Makarani wengi huhifadhi barua kwa jina lilelile la kichwa chake, na ndivyo inavyopaswa, maana ndivyo utakavyoitafuta kesho. Windows inakataa vyote viwili, nukta mbili na mkwaju, pamoja na nyota na alama ya kuuliza. Mint inakataa mkwaju tu, nukta mbili inazikubali. Mac, kwenye Finder, dirisha lake la faili, inafanya kinyume: mkwaju unapita, nukta mbili hazipiti. Kwa hiyo YAH: inaandikika Mint na haiandikiki Mac, Kumb. Na. inaandikika Mac na haiandikiki Mint, na vyote viwili vikifika kwenye Windows ni matatizo. Mimi naandika YAH kisha kistari, na kwenye kumbukumbu naweka vistari badala ya mikwaju. Isitoshe, kwa Mint "Barua" na "barua" ni faili mbili tofauti zinazokaa folda moja bila kugombana. Windows inaziona moja. Nilikuwa na msichana wa kunisaidia ambaye alihifadhi rekebisho kwa herufi ndogo, mimi nikachapa ile ya herufi kubwa. Nakala kumi na mbili za kikao cha kikoba, zote zenye makosa ya zamani. Karatasi nililipa mimi.

Mac nizungumzie kwa ufupi, kwa sababu mashine ile ni nzuri kuliko kitu chochote kilichowahi kukaa juu ya meza yangu na haikutengenezwa kwa ajili ya meza yangu. Herufi zinasomeka kama zimechapwa kitabuni. Umeme ukikatika saa nne, unaendelea nayo mpaka jioni. Lakini matundu yake ni ya USB-C peke yake, flashi ya mteja haiingii bila kiunganishi. Diski kubwa za nje zilizofomatiwa kwa NTFS, mpangilio wa Windows, ambazo wapiga picha wa harusi wanazo karibu wote, Mac inazisoma lakini haiandiki kitu ndani yake. Na kila faili inayoiweka kwenye flashi ya kawaida inaisindikiza na pacha wake mdogo anayeanza na nukta na mstari wa chini. Ukiipeleka flashi hiyo kwenye mashine ya kopi inayochapa moja kwa moja, orodha inakuja mara mbili: CV.pdf na ._CV.pdf. Mteja anachagua ya kwanza anayoiona, mashine inagoma. Vidole vyangu navyo vilitaabika, maana Control ya kunakili imehamia Command, na kitufe cha Delete kinafuta kurudi nyuma; kwenda mbele lazima ukishike pamoja na Fn. Na ukifunga dirisha kwa kile kitufe chekundu, programu nyingi bado ziko wazi huko chini. Mwanafunzi anayekaa peke yake na mashine yake atayazoea yote haya ndani ya wiki mbili na atafurahi miaka mingi. Kwa steshenari naipa nyota mbili kati ya tano.

Kitu kilichonichanganya kuliko vyote kilikuwa saa. Kwenye ile laptop yenye mifumo miwili, nikitoka Mint na kuwasha Windows, saa nne asubuhi inasomeka 7:00. Sisi tumeshazoea kutazama 10:00 tukatamka saa nne, akili inatoa sita yenyewe bila kuombwa. Sasa inabidi urudishe tatu kwanza ndipo utoe sita. Nilidhani betri ndogo ya ndani inayotunza saa imekufa, nikanunua nyingine, hakikubadilika kitu. Sababu ni kwamba mifumo hii haikubaliani saa iliyo ndani ya mashine ni ya wapi. Linux inaiweka kwenye saa ya dunia, UTC, na kuongeza saa zetu tatu za Afrika Mashariki wakati wa kuonyesha. Windows inaichukulia kwamba tayari ni ya hapa. Mmoja akisahihisha, mwenzake anasoma vibaya. Ukiwa na intaneti muda wote Windows hujirekebisha, lakini mimi data nazima ili bando lisiishe. Hasara yake ilikuwa kwenye faili: mwanafunzi ana UTAFITI FINAL, UTAFITI FINAL 2 na UTAFITI FINAL KABISA, unapanga kwa muda ili uone ya mwisho ni ipi, na muda umedanganya kwa saa tatu. Dawa ni mstari mmoja kwenye terminali, dirisha la amri la Mint, timedatectl set-local-rtc 1, na sijapata shida tena. Hapohapo zima na ile Fast Startup ya Windows, la sivyo Windows inalala nusu badala ya kuzima, na Mint inakufungulia diski ya Windows kusoma tu bila kuandika.

Kwenye kuchapa, hapa ndipo Windows inapojilipia nafasi yake. Printa yangu ilikubali Mint siku ya kwanza, niliichomeka tu ikajitambulisha. Skana iliyo juu ya printa hiyohiyo ikakataa, kwa sababu walioitengeneza hawakutoa draiva (programu ya kuiendesha) ya Linux, basi kuskani kunabaki Windows. Ukubwa wa karatasi uangalieni: ukiacha mipangilio yote kwenye Kiingereza cha Marekani, kompyuta inaweza kuandaa kurasa za Letter, milimita 216 kwa 279, na printa inasimama ikipepesa taa kudai karatasi ambayo hapa mjini sijawahi kuiona dukani. A4 ni 210 kwa 297. Weka eneo kuwa Tanzania mapema, mfumo wowote ule.

Na Word. LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia inayokuja na Mint, inafungua docx, faili za Word, na barua ya ukurasa mmoja inatoka vizuri. Times New Roman na Arial unaziongeza, na pale Calibri inapokosekana inaingia Carlito, ambayo herufi zake zimepimwa upana uleule ili mistari isihame. Lakini utafiti wa kurasa 80 wenye majedwali, yaliyomo yanayojitengeneza na namba za kirumi kisha za kawaida, hapo sithubutu. Jedwali likishuka mistari miwili tu, sura nzima inasogea. Naomba PDF, asipokuwa nayo nafungua kwenye Windows. Kadi za mchango wa harusi nazo zinaletwa kwenye Publisher, programu ambayo haijawahi kuwepo kwa ajili ya Mac na ambayo Microsoft wenyewe wanaiacha Oktoba 2026. Wenye steshenari wenzangu, anzeni kuhamisha vielelezo vyenu vya kadi sasa hivi. Mimi nimeshahamisha karibu nusu.

Kwa Kiswahili, hata hivyo, LibreOffice imenishika moyo. Fungua barua ya Kiswahili kwenye kompyuta iliyowekwa Kiingereza pekee, ukurasa mzima unachubuka kwa mistari myekundu, kana kwamba hujui kuandika. Kwenye Mint niliongeza kamusi ya Kiswahili, kifurushi kidogo kinachoitwa hunspell-sw, na sasa mstari mwekundu ukitokea mara nyingi ni kosa kweli. Watu wa hapa kwetu walilihangaikia jambo hili mapema: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Mwaka huohuo ndipo Ubuntu ilipotoka, mfumo ambao Mint imejengwa juu yake, na jina lake ni ndugu wa neno letu utu. Walikuwa wakituma CD za bure kwa posta mpaka 2011. Mwalimu wetu wa sekondari alikuwa nazo mbili na alizitunza kwenye bahasha.

Kuhusu bando na masasisho: Windows inajipakulia yenyewe usipoizuia. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao, uwashe "Metered connection", itatulia. Mint inakuonyesha orodha yenye ukubwa wa kila sasisho, na unachagua lini na lipi. Mimi nayashusha usiku wa Jumapili kwa bando la usiku. Na tafadhali, msiweke Windows ya krak, ile isiyolipiwa iliyovunjwa kufuli. Fundi mmoja aliniwekea zamani, ili krak ikubali akaizima kinga yote, na kwa miezi mitatu ni duka langu lililokuwa likiambukiza flashi za watu. Sijasahau hilo.

Linalosukuma wengi sasa ni kwamba Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na muda wa nyongeza kwa watu binafsi unakwenda hadi 13 Oktoba 2026. Windows 11 inataka TPM 2.0, kifaa cha usalama ndani ya kompyuta, na kwa prosesa za Intel orodha yake inaanzia karibu na kizazi cha 8. Desktop yangu ya kizazi cha 4 imefungiwa mlango, na ni mashine nzima, haina hata mkwaruzo. Ile laptop ina RAM ya GB 4 na SSD niliyoinunua elfu sabini, na Mint inatembea juu yake bila kuhema. Faili la kuiwekea ni takribani GB 3. Unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi kabla ya kugusa diski, na hapo ndipo uone kama WiFi na printa zinakubali.

Mint naipa nyota nne; ya tano imebaki kwenye ile flashi ya mwalimu. Windows tatu na nusu, na haitoki dukani maadamu vyuo vinaandika kwa Word. Maombi ya mkopo na ya kazi yote ni kivinjari, hapo mifumo yote imelingana, chagueni kiti kizuri. Utaratibu wangu wa sasa: kila flashi inaingia Mint kwanza, inasafishwa, kinachaguliwa kinachotakiwa, na ni hicho tu kinachovuka kwenda Windows kupitia waya wa mtandao, flashi yenyewe haivuki. Kompyuta ijayo nitakayonunua itakuwa desktop nyingine ya mtumba, GB 8, na nitaiwekea Mint siku hiyohiyo kabla haijaguswa na flashi ya mtu yeyote.